Upimaji wa Shughuli za Mwili na Matumizi ya Nishati kwa Vihisi vya Kuvaliwa: Uhalali wa Vipimo kwa Watu Wazima wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna vihisi vya kuvaliwa vinavyotumika kukadiria shughuli za mwili na matumizi ya nishati kwa watu wazima, na yanachunguza uhalali wa makadirio hayo katika mazingira ya kazi ya Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Hoja kuu ni kwamba kihisi hupima mwendo au mapigo ya moyo, wala hakipimi nishati. Nishati hupatikana kwa mlinganyo, na mlinganyo hubeba sifa za miili na kazi zilizotumika kuuunda. Kwa kutumia mifano ya ubebaji wa mizigo kichwani, uvutaji wa nyavu mtumbwini na uvuvi wa dagaa unaofuata giza la mwezi, makala yanaonesha kuwa makosa ya kipimo katika eneo hili hayatawanyiki kwa bahati, bali huelemea zaidi makundi yanayofanya kazi nzito. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza mambo matano ya kuzingatiwa katika usanifu wa utafiti.

Maneno msingi: vihisi vya kuvaliwa, shughuli za mwili, matumizi ya nishati, uhalali, Mwanza

1.0 Utangulizi

Magonjwa yasiyoambukiza, hususani kisukari na shinikizo la juu la damu, yameifanya shughuli ya mwili kuwa kigezo muhimu katika tafiti za afya nchini Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012, ulioendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ulikusanya taarifa za shughuli za mwili kwa njia ya hojaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima afanye shughuli za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ili kujua nani anafikia kiwango hicho, sharti pawepo kipimo kinachoaminika.

Hojaji ina udhaifu unaofahamika. Mhojiwa hutakiwa kukumbuka dakika, ilhali kazi nyingi za mwambao hazipangwi kwa dakika. Aidha, lugha yenyewe huweza kupotosha jibu. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, neno "mazoezi" humaanisha michezo au mbio za makusudi. Mwanamke anayeanika na kubeba dagaa tangu alfajiri hadi jioni, akiulizwa kama anafanya mazoezi, hujibu kwa uaminifu kabisa kwamba hafanyi. Vihisi vya kuvaliwa vimepokewa kama suluhisho la tatizo hilo, kwa kuwa havitegemei kumbukumbu wala msamiati wa mhojiwa.

Hata hivyo, kuondoa kosa la kumbukumbu si sawa na kuondoa kosa lote. Jambo hili lina uzito wa pekee Mwanza, ambako Kituo cha NIMR na washirika wake wamefanya tafiti za lishe na kisukari miongoni mwa watu wanaoishi na VVU na wasio na VVU. Miongoni mwake ni jaribio la NUSTART, lililofanyika Mwanza na Lusaka kwa wagonjwa wenye uzito pungufu waliokuwa wakianza dawa za kufubaza VVU, na mradi wa CICADA uliohusu kisukari. Katika tafiti za aina hii, makadirio ya nishati yakipotoka, ushauri wa lishe na wa mwenendo wa maisha hupotoka pamoja nayo.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Shughuli ya mwili na matumizi ya nishati

Dhana hizi mbili huchanganywa mara kwa mara. Shughuli ya mwili ni tendo: mjongeo wowote unaotokana na misuli na unaotumia nishati. Matumizi ya nishati ni kiasi: kilokalori au megajuli ambazo mwili umezitumia. Watu wawili wanaweza kufanya tendo moja kwa gharama tofauti, kutegemea uzito wa mwili, ustadi na afya.

Jumla ya nishati inayotumika kwa siku hugawanywa katika sehemu tatu: nishati ya mwili ukiwa umepumzika, nishati ya kusaga na kusharabu chakula, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kuwa asilimia 10 ya jumla, na nishati ya shughuli. Sehemu ya tatu ndiyo inayobadilika zaidi baina ya mtu na mtu. Uwiano wa jumla ya nishati kwa nishati ya mwili uliopumzika huitwa kiwango cha shughuli. Kwa mujibu wa ripoti ya wataalamu wa FAO, WHO na UNU iliyotokana na mashauriano ya mwaka 2001, kiwango cha 1.40 hadi 1.69 huashiria maisha ya shughuli nyepesi, 1.70 hadi 1.99 maisha ya shughuli za wastani, na 2.00 hadi 2.40 maisha ya kazi nzito.

Mfano wa kukokotoa unafaa hapa. Kwa milinganyo ya Schofield ya mwaka 1985, mwanamke wa miaka 34 mwenye kilo 58 hukadiriwa kutumia megajuli 5.51 kwa siku akiwa amepumzika, yaani takribani kilokalori 1,317. Akiwa na kiwango cha shughuli cha 1.80, jumla yake ni takribani kilokalori 2,370. Tukiondoa asilimia 10 ya chakula na nishati ya kupumzika, nishati ya shughuli inabaki takribani kilokalori 817. Takwimu hizi zitatumika tena katika sehemu ya nne.

2.2 Kipimo rejea

Kipimo kinachokubalika kuwa rejea nje ya maabara ni maji yaliyotiwa alama mbili. Mshiriki hunywa maji yenye isotopu nzito za haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni hutoka mwilini kupitia maji pekee, ilhali oksijeni hutoka kupitia maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Tofauti ya kasi ya kutoweka kwa isotopu hizo mbili, inayosomwa katika sampuli za mkojo, huonesha kiasi cha kabonidayoksaidi kilichozalishwa, na kutokana na kiasi hicho nishati hukokotolewa. Njia hii ni sahihi, lakini ina gharama kubwa na hutoa wastani wa siku 7 hadi 14 pekee. Haisemi ni saa ipi mtu alifanya kazi wala kazi hiyo ilikuwa ipi.

Tanzania ina mfano mashuhuri wa matumizi ya njia hii. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30 wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Ilibainika kwamba, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nishati yao kwa siku haikutofautiana na ya wakazi wa nchi za Magharibi, ingawa walikuwa na shughuli nyingi zaidi. Mwaka 2017 David Raichlen na wenzake, wakitumia vipimo vya mapigo ya moyo, walionesha kuwa Wahadzabe walifanya shughuli za wastani na nzito kwa zaidi ya saa 2 kwa siku. Matokeo haya mawili yakisomwa pamoja, funzo lake ni bayana: wingi wa shughuli hauwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa wingi wa nishati. Mtafiti anapaswa kuripoti kila kimoja peke yake.

3.0 Jinsi Kihisi cha Mwendo Kinavyofanya Kazi

Kihisi cha mwendo, yaani akselerometa, husoma mchapuko katika mihimili mitatu. Kikiwa kimetulia mezani husoma g 1, ambayo ni nguvu ya uvutano wa dunia. Njia moja inayotumika sana ni kuunganisha mihimili mitatu kuwa thamani moja, kutoa g 1, na kuhesabu kila thamani hasi kuwa sifuri. Kinachobaki huchukuliwa kuwa mwendo wa mwili. Vifaa vya awali zaidi vilitoa "hesabu kwa dakika", yaani muhtasari wa mitikisiko iliyochujwa ndani ya kifaa chenyewe.

Hatua ya pili ni kugeuza mwendo kuwa kiwango cha shughuli au nishati, na hapa ndipo dhana nyingi hujificha. Kizingiti kinachojulikana zaidi, cha hesabu 1,952 kwa dakika kama mwanzo wa shughuli ya wastani, kilitokana na utafiti wa Patty Freedson na wenzake wa mwaka 1998. Washiriki walikuwa watu wazima 50 nchini Marekani, waliotembea na kukimbia juu ya mashine huku wamevaa kihisi nyonga. Kizingiti hicho ni halali kwa kutembea na kukimbia sehemu tambarare bila mzigo. Kukitumia kwa mlimaji wa jembe la mkono ni kudai, bila kusema, kwamba kulima ni aina ya kutembea.

Mahali pa kuvalia kifaa hubadilisha aina ya kosa. Kihisi cha nyonga huona hatua lakini hakioni mikono. Kihisi cha kifundo cha mkono, kama kilichotumiwa na takribani watu 100,000 katika UK Biobank kati ya mwaka 2013 na 2015, huona mikono lakini hakijui mikono imebeba nini. Mtu anayepara samaki akiwa ameketi huzungusha mkono kwa kasi kwa gharama ndogo ya nishati, na kihisi cha mkono humpa sifa asiyostahili. Mchukuzi anayetembea polepole akiwa ameushikilia mzigo kwa mikono miwili hunyimwa sifa anayostahili.

4.0 Kazi za Mwambao Mbele ya Kihisi

4.1 Mzigo kichwani

Katika mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze, na katika makazi ya vilimani kama Mabatini na Igogo, kubeba ni sehemu ya kila siku: ndoo za maji, matenga ya samaki, magunia ya dagaa. Kihisi cha nyonga huandika hatua zilezile, mzigo uwepo au usiwepo. Mwinuko wa mlima pia hukiponyoka, kwa kuwa gharama ya kupanda huongezeka kuliko mtikisiko wa nyonga.

Swali la gharama ya mzigo lina historia katika eneo hilihili la ziwa. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu wa Kenya. Walieleza kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kuongeza matumizi ya nishati, na kwamba gharama ilianza kupanda baada ya hapo. Mwaka 2010 Lloyd na wenzake, wakiwachunguza wanawake wa Afrika Kusini, hawakuona nafuu hiyo kuwa ya jumla, na walisisitiza tofauti kubwa baina ya mtu na mtu.

Tuchukue mwanamke wa mfano wetu, mwenye kilo 58, akitembea na ndoo ya lita 20. Mzigo huo ni takribani asilimia 34 ya uzito wake. Kutembea bila mzigo kwa gharama ya kilokalori 3 kwa kila kilo kwa saa humgharimu kilokalori 174 kwa saa. Gharama ikipanda sambamba na uzito wote, atatumia takribani kilokalori 234. Akiwa na nafuu iliyoelezwa mwaka 1986, atatumia takribani 199. Kwa saa 2 za kubeba kila siku, nishati isiyoonekana kwa kihisi ni kati ya kilokalori 50 na 120, yaani asilimia 6 hadi 15 ya nishati yake yote ya shughuli. Ukubwa wa kosa unategemea jinsi mwili wake ulivyozoea mzigo, jambo ambalo kihisi cha mwendo hakina njia ya kulijua.

4.2 Mtumbwi na nyavu

Mvuvi anayevuta wavu husimama au huketi mahali pamoja. Kazi hufanywa na mikono, mgongo na mapaja yaliyojikaza, na misuli inayojikaza bila kusogea hutumia nishati pasipo kuzalisha mchapuko. Papo hapo, mawimbi huutikisa mtumbwi pamoja na kila aliyemo, akiwamo aliyelala. Hivyo kihisi hukosa kazi iliyopo na huandika mwendo ambao si kazi. Ingekuwa kosa kudhani kwamba upungufu na ziada hiyo hufutana, kwa kuwa upungufu hutegemea uzito wa wavu, na ziada hutegemea upepo na ukubwa wa chombo. Usiku wenye upepo na samaki wachache unaweza kuonekana kuwa usiku wa kazi kubwa.

4.3 Wiki ya siku saba na giza la mwezi

Tafiti nyingi hutaka kifaa kivaliwe kwa siku 7, kwa dhana kwamba wiki hukamilisha mzunguko wa kazi na mapumziko. Dhana hiyo inawafaa watu wa ofisini. Uvuvi wa dagaa hufuata mwezi. Dagaa huvutwa kwa mwanga wa taa, zamani karabai na sasa aghalabu taa za sola, nao mwanga wa taa hufaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaribia kukamilika, mitumbwi hupumzika, na kazi huwa ya kurekebisha nyavu na vyombo. Mzunguko wa mwezi ni wa siku 29.5, na siku 7 ni chini ya robo yake.

Athari yake inaweza kuoneshwa kwa mvuvi wa kubuni wa miaka 34 mwenye kilo 62, ambaye nishati yake ya kupumzika hukadiriwa kuwa kilokalori 1,584 kwa siku. Tuseme hufanya kazi siku 18 kwa kiwango cha 2.20, na kwa siku 11.5 zinazobaki ana kiwango cha 1.60. Akipimwa wakati wa giza, atahesabiwa kuwa mtu wa kazi nzito anayetumia takribani kilokalori 3,485 kwa siku. Akipimwa wakati wa mbalamwezi, atahesabiwa kuwa mtu wa shughuli nyepesi anayetumia takribani 2,534. Wastani wake halisi wa mwezi ni kiwango cha 1.97, yaani shughuli za wastani. Mtu mmoja ameingia katika makundi matatu, na kifaa hakikukosea hata mara moja.

Tatizo hili halisawazishwi kwa kuongeza idadi ya washiriki. Wavuvi hupatikana nchi kavu, tayari kusaini ridhaa na kuvishwa kifaa, hasa wakati hawavui. Utafiti unaoandikisha washiriki mchana katika mwalo au kliniki utaelekea kuwapata wakati wa mapumziko yao. Hilo ni kosa lenye mwelekeo mmoja, yaani upogo, na sampuli kubwa hulifanya lionekane la hakika zaidi.

Programu za kuchakata data nazo zina dhana zake. Nyingi hukata siku saa 6 usiku, na hivyo huugawa usiku mmoja wa kazi katika siku mbili. Nyingine huchukulia utulivu mrefu wa mchana kuwa kifaa kilivuliwa, na kwa njia hiyo usingizi wa mvuvi huondolewa katika data.

5.0 Mapigo ya Moyo: Msaada na Mipaka Yake

Njia inayopunguza upungufu uliotajwa ni kuunganisha kihisi cha mwendo na kipimo cha mapigo ya moyo katika kifaa kimoja kinachobandikwa kifuani. Moyo wa anayevuta wavu au kubeba gunia huenda mbio hata kama nyonga imetulia. Mapigo peke yake huhadaa katika shughuli nyepesi, kwa kuwa hofu na joto huyapandisha, na hapo mwendo hutumika kuamua uzito wa kila chanzo katika mlinganyo. Felix Assah na wenzake waliilinganisha njia hii na maji yaliyotiwa alama mbili kwa watu wazima wa mijini na vijijini nchini Cameroon. Dirk Christensen na wenzake waliitumia vijijini Kenya kwa Waluo, Wakamba na Wamaasai, na Wamaasai ndio walioonekana kuwa na nishati ya shughuli ya juu zaidi.

Hata hivyo, uhusiano wa mapigo na nishati hutofautiana baina ya watu, hivyo huhitaji kuwianishwa kwa kila mshiriki, kwa kawaida kwa jaribio fupi la kupanda na kushuka ngazi. Upungufu wa damu hulazimisha moyo kupiga zaidi ili kusafirisha oksijeni ileile. Homa ya malaria huongeza mapigo mtu akiwa amelala. Katika eneo lenye malaria na kichocho, na katika sampuli yenye watu wanaoishi na VVU, mlinganyo wa kundi zima unaweza kumhesabia mgonjwa nishati ambayo hakuitumia. Kutokana na hili, anayelinganisha wenye maambukizi na wasio nayo anaweza kuripoti tofauti ya shughuli ambayo kwa kweli ni tofauti ya hemoglobini.

6.0 Mapendekezo ya Usanifu

Kutokana na ufafanuzi huu, makala yanapendekeza mambo matano. Kwanza, kila mshiriki avae kifaa kinachounganisha mwendo na mapigo, na uwianishaji wa mtu mmoja mmoja ufanyike mwanzoni pamoja na kipimo cha hemoglobini na joto la mwili. Pili, wavuvi na wachakataji wa dagaa wapimwe mara mbili, giza na mbalamwezi, na tarehe ya mwezi iandikwe katika kila rekodi. Tatu, kumbukumbu fupi ya kazi ijazwe kwa msaada wa mtafiti msaidizi, ikitaja mzigo, chombo na saa za kulala, kwa maneno wanayoyatumia washiriki wenyewe. Nne, kikundi kidogo ndani ya sampuli kipimwe kwa maji yaliyotiwa alama mbili ili makadirio ya kihisi yapate rejea ya hapahapa. Tano, muda wa shughuli na kiasi cha nishati viripotiwe katika majedwali tofauti, vikiambatana na mlinganyo uliotumika na watu ambao mlinganyo huo uliundwa kutokana nao.

Upande wa maadili, kifaa kinachorekodi mahali kinahitaji tahadhari ya ziada. Rekodi inayoonesha mtumbwi ulikuwa wapi usiku inaweza kumtia mvuvi hatiani. Inashauriwa kutotumia kipengele hicho pale ambapo swali la utafiti halikihitaji, na jambo hilo lielezwe waziwazi katika fomu ya ridhaa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba thamani ya nishati inayotolewa na kihisi cha kuvaliwa ni hitimisho linalotokana na mwendo, mapigo na mlinganyo. Kwa watu wazima wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, hatua hiyo ya kukisia hudhoofika pale penye mzigo, nyavu, mawimbi, mwinuko, ugonjwa na kalenda ya mwezi. Wanaoathirika zaidi ni wabebaji, wavuvi na wachakataji wa samaki, ambao aghalabu ndio wenye kipato kidogo. Kipimo kinachowahesabu kuwa hawajishughulishi huzaa ushauri wa kuwataka waongeze mwendo, ilhali wanachohitaji huenda ni chakula cha kutosha au matibabu ya upungufu wa damu. Kwa sababu hiyo, uhalali wa kipimo unapaswa kuthibitishwa kabla ya matokeo yake kuingizwa katika mwongozo wowote wa afya unaowahusu.